Mgema Kwenye Theluji

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, mwaka 2024. Durban ilikuwa inachemka. Zénon alikuwa amesimama kwenye maegesho ya maduka ya Overport, kizibao cha njano cha ulinzi kimemganda mgongoni kwa jasho, akimwelekeza mama mmoja arudishe gari nyuma bila kugonga nguzo, ndipo simu ikaanza kumtetemekea mfukoni. Hakuhitaji kuangalia ni nani. Tangu mkewe Coletha amfie, mtu wa kumpigia simu ya picha alibaki mmoja tu duniani.

"Papa! Unaniona?"

Hakuona kitu. Kioo kilikuwa cheupe pe.

"Naona shuka."

"Si shuka, ni theluji. Ngoja nigeuze."

Picha ikayumba, miti myeusi isiyo na jani hata moja ikapita mbio, kisha ukatokea uso wa mwanawe Prodige, kofia ya manyoya imemshuka hadi kwenye nyusi, na nyusi zenyewe zimeota chembe za barafu.

Jacques, mlinzi mwenzake, kijana wa Bukavu asiyejua kukaa mbali na simu za watu, akaja kuchungulia juu ya bega. "Eish, mzee! Mtoto yako wamemufungia ndani ya friji?"

"Wewe hata hiyo friji huna," Zénon akamjibu bila kugeuka. "Toka, unanizibia mwanga."

Prodige alikuwa na mwaka wa tatu huko Kanada, upande wa Quebec, kunakosemwa Kifaransa. Walikuwa wameomba kuhamishwa pamoja, baba, mama na mwana, faili moja. Halafu mtu fulani ofisini, mtu ambaye Zénon hakuwahi kuuona uso wake, akagundua kwamba mtoto ameshakuwa mtu mzima, akalikata faili vipande viwili kama anakata mkate. Kipande cha mtoto kikapanda ndege. Kipande cha wazee kikaambiwa kisubiri. Coletha akasubiri. Alisubiri faili, na mwaka uleule akasubiri tena kwenye benchi la hospitali, mkono umeshika tumbo, kwa sababu karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imepitwa na tarehe na mkubwa wa kitengo alikuwa hajafika kuamua kama apokelewe. Mkubwa alifika. Coletha alikuwa ameshakwenda zake, amekaa vilevile, kichwa kimemlalia Zénon begani. Tangu siku hiyo neno "subiri" lilimchoma Zénon kuliko tusi la nguoni. Watu walimwonya apunguze maneno juu ya wakubwa. Akawauliza, nipunguze nibakize yapi?

Sasa Prodige alikuwa kibarua kwenye shamba la mzee mmoja Mzungu aitwaye Réjean, mwenye msitu wa miti ya érable. Ni mti wa nchi za baridi. Majira ya baridi yakianza kuachia, usiku ukigandisha na mchana ukilegeza, maji ya ule mti hupanda. Hapo watu huutoboa shina, hupachika kimfereji kidogo cha chuma, huning'iniza ndoo. Maji yanayodondoka ni meupe kama ya kisima, yana utamu wa mbali, na hupikwa kutwa nzima mpaka yawe mazito na ya rangi ya asali. Siku Prodige alipomweleza hayo mara ya kwanza, Zénon alicheka hadi akafuta machozi. Kwani yeye alikuwa nani kabla ya vita kumtoa kwao Baraka, mji wa Kongo kando ya ziwa? Mgema. Baba yake mgema, babu yake mgema, watu wa kupanda michikichi kwa mkanda kiunoni na kushuka na tembo. Hata leo, akisimama pale Overport, aliutazama mstari wa minazi ya mapambo kando ya barabara akichagua ni upi angeugema kwanza. Na mtoto aliyebebwa na ndege akavushwa bahari nzima, kazi aliyoikuta huko ni ileile ya babu yake.

"Haya, nionyeshe unavyotembea," akasema. "Mama yako angetaka kuona."

Prodige akaishusha simu hadi miguuni. Kila mguu ulikuwa umefungwa kwenye kitu kama ungo mrefu, ubao mwembamba umepindwa, katikati kamba za ngozi zimesukwa.

"Hizi ndizo raketi. Bila hizi siendi hata chooni. Unapanua miguu, hivi, unainua goti, unatupa mguu pembeni. Ukijisahau ukakanyaga raketi yako mwenyewe, unakula theluji."

"Anatembea kama mtu mwenye busha!" Jacques akapiga kelele, kichwa kimesharudi begani.

"Tonton Jacques, nakusikia!" Prodige akacheka, moshi mweupe ukamtoka mdomoni.

"Na ukitaka kurudi nyuma?" Zénon akauliza.

"Hairudi nyuma, Papa. Mkia wa raketi unachimba, unaanguka chali. Lazima uzunguke polepole kama lori."

"Na ukivua?"

Prodige akachukua fimbo, akaichomeka mbele yake. Ikaingia, ikaingia, mpaka ngumi yake ikagusa theluji. "Nikivua, naishia hapa, tumboni. Halafu inakushika kama matope ya Mutambala. Ukivuta mguu huu, ule mwingine unazidi kwenda."

Zénon aliujua mto Mutambala na matope yake. Akakunja uso. "Mbona kimya hivyo? Watu wako wapi?"

"Iko mimi peke yangu. Réjean na mke wake wametoka asubuhi kwenda mjini. Theluji imeanguka usiku kucha, Papa, imefunika hata uzio. Lakini sikiliza."

Akanyamaza. Zénon akaibana simu sikioni, akaliziba sikio la pili kwa kidole, maana taxi zilikuwa zinapiga honi kwenye robot, zile taa za barabarani, kama zinagombania maiti. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha akasikia: to. Halafu tena: to.

"Ni maji yanaanguka ndani ya ndoo," Prodige akasema kwa sauti ya chini. "Jua likitoka kidogo hivi, msitu mzima unadondoka. Siku nyingine ndiyo sauti pekee ninayoisikia tangu asubuhi hadi jioni."

Zénon akaisogeza simu mdomoni. Alitaka kumwambia kwamba na yeye, akirudi chumbani kwake, husikia bomba la jirani likidondoka hivyohivyo. Hakusema. Mtu hamlilii mtoto wake kwenye simu.

"Shida ni kwamba ndoo zimejaa," Prodige akaendelea. "Za upande wa bondeni zinamwagika chini."

"Sasa unangoja nini?"

"Réjean amekataza. Amesema theluji ikiwa mpya hivi nisiingie msituni peke yangu. Amesema nisubiri arudi."

Neno lilikuwa limeshatoka. Zénon aliliona linavyotua.

"Usubiri," akasema.

"Ndiyo, Papa, lakini huku..."

"Mama yako aliambiwa nini? Hakuambiwa asubiri? Mimi nimeambiwa nini miaka yote hii? Wakubwa wote ni baba mmoja mama mmoja, wa huku na wa huko. Yeye anastarehe ndani ya gari lenye joto, anakwambia subiri. Mti unajua habari za gari? Mti hauna bosi, Prodige!"

Maana kwao Baraka mgema haachi chombo kilichojaa kilale juu ya mti. Awe na homa, pawe na msiba nyumbani, jioni lazima apande akishushe. Chombo kikilala kimejaa, tembo linageuka siki, nyuki wanakufa humo, na mti wenyewe unanuna, unaufunga mshipa wake, hautoi tone tena mpaka msimu mwingine. Zénon alimwona baba yake kwa macho yake mawili akipanda mchikichi siku ya kumzika ndugu yake, bado ana udongo wa kaburi mikononi. Jambo hilo halikuwa na mjadala, na Prodige alilinyonya pamoja na maziwa.

"Babu yako hakuomba ruhusa ya mtu," akasema, sauti imepanda hadi yule mama wa gari akafunga kioo. "Chombo kimejaa, kinashushwa. Nenda, mwanangu. Usiwe mtu wa kuambiwa subiri."

Prodige akatazama pembeni, kule bondeni pengine, kisha akaitazama simu.

"Sawa, Papa. Naenda."

Akaenda akiwa ameishika simu mbele yake, baba amwone. Zénon akawa anasikia pumzi, na chini ya pumzi sauti ya raketi zikibonyeza theluji, nguru, nguru, kama mtu anayetafuna muhogo mkavu. Akaona ndoo ya kwanza yenye kifuniko, imefura. Akaona mteremko, na nyayo pana nyuma ya mtoto, kama amepita mnyama asiye na jina. Kisha picha ikaganda kwenye shina moja jeusi, ikazimika. Prodige alikuwa ameshamweleza zamani kwamba baridi hula betri.

"Umemuona?" Zénon akamwambia Jacques, kifua mbele. "Hiyo ni damu ya mgema."

"Damu nayo inaganda, mzee," Jacques akasema, akaondoka kufuata gari lililokuwa linatoka.

Jioni, chumbani kwake Berea, Zénon alimtumia Prodige ujumbe wa sauti, maana kuandika kulimchosha. "Umemaliza? Zilikuwa ndoo ngapi?" Ikatokea tiki moja ya kijivu. Akapika ugali, akaumega akiwa ameiegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya mawese. Tiki ikabaki moja. Chumba chenyewe kilikuwa nusu chumba, pazia limekigawa, na nyuma ya pazia familia nyingine ilikuwa inacheka na televisheni yake. Upande wa Coletha wa kitanda alikuwa ameuwekea nguo zilizokunjwa, si kwa kukosa kabati, ila godoro lisionekane tupu. Akatuma ujumbe wa pili, wa tatu. Usiku huo hauna la kusimulia zaidi ya hilo.

Asubuhi tiki zilikuwa zinapangana moja moja. Zénon akateremka saluni ya Godelive, mama wa Kirundi aliyefanya kazi chini ya jengo lao na ambaye kila mtu alimwita Mama Anaïs kwa jina la binti yake. Kifaransa cha Zénon kilikuwa cha kuombea maji na kusalimia padri, cha Mama Anaïs kilikuwa cha shule. Zénon akampa namba ya nyumba ya Réjean, ambayo Prodige aliiacha kwa ajili ya shida. Ikaita mpaka ikakata. Mama Anaïs akaacha ujumbe.

"Nenda kazini, mzee. Wakipiga, nitakutafuta."

"Unaniambia nisubiri?"

"Nakwambia nenda kazini."

Huko Overport Jacques alimwona kwa mbali tu akajua. "Mtoto amejibu?"

"Tajiri wake amemtuma msituni," Zénon akasema. "Hajarudi."

Jacques akamtazama. "Tajiri?"

"Tajiri. Yeye amekwenda mjini kustarehe, amemwacha mtoto aingie kwenye theluji."

"Eish, mzee," Jacques akasema, akakimbilia gari ambalo lilikuwa bado halijawasha hata taa ya kukata kona.

Zénon akamweleza hivyohivyo dereva wa lori la mikate. Akamweleza mchungaji wake kwenye simu, na mchungaji akaomba Mungu amshughulikie tajiri huyo. Akamweleza mama mmoja Mkongo aliyekuja kununua nyanya. Na kila alipoieleza, habari ilizidi kunyooka. Kwanza tajiri alimtuma mtoto. Baadaye tajiri alimtuma kwa ukali. Kufika adhuhuri tajiri alikuwa amemtishia mtoto kumfukuza kazi, amemfungia mlango, amemwonyesha msitu kwa kidole. Zénon alikiona kidole chenyewe, chekundu, chenye manyoya. Kukiona kulimpa ahueni, kwa sababu kila alipokipoteza machoni aliiona ile fimbo ikizama kwenye theluji hadi ngumini.

Mchana simu ikalia. Ni Mama Anaïs. "Njoo. Wamepiga, nimewaambia warudie."

Alikwenda kwa taxi hadi kona, kutoka kona akakimbia, mtu wa miaka sitini na moja, kizibao cha njano kikimpigapiga mbavuni. Saluni ilikuwa na mteja mmoja, dada aliyesukwa nusu ya kichwa.

"Mama Anaïs, na kichwa changu?"

"Nusu iliyobaki haikimbii. Nyamaza, huyu mzee ana mtoto kule."

Simu ikaita. Mama Anaïs akaweka spika. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mke wa Réjean, na Kifaransa chake kilikuwa cha kutafuna, kinapanda na kushuka, hata Mama Anaïs alikunja uso ili akishike. Alikuwa anasikiliza kipande, anatafsiri kipande.

"Yuko hai," akasema. "Yu hai, mzee."

Zénon akaegemea ukuta. Yule dada akainuka haraka, akampisha kiti.

"Wamemkuta jana jioni. Iko kijito kule bondeni, theluji ilikuwa imekifunika, hakionekani. Alikuwa anatembea juu yake bila kujua. Kikatoboka, akazama na raketi zake, zikakwama chini kwenye mizizi. Amelowa hadi juu ya magoti. Mpaka akate kamba, atoke, baridi ilikuwa imeshashuka. Bila raketi hakuweza kutembea. Ametambaa kwa tumbo." Mama Anaïs akaisogeza simu karibu. "Mume wake aliporudi aliziona nyayo, akazifuata kwa taa. Akamvuta kwa kigari cha theluji."

"Mana yanje," akaongeza kwa Kirundi, yaani Mungu wangu, hilo likiwa lake mwenyewe.

"Miguu," Zénon akasema. "Muulize miguu."

Akauliza. Jibu likawa refu, tafsiri ikawa fupi. "Imeganda. Vidole vimekuwa vyeusi. Madaktari hawakati leo. Wanasema lazima wasubiri siku kadhaa waone ni wapi nyama imekufa na ni wapi inaishi."

Wasubiri. Zénon akasimama wima kama amechomwa sindano.

"Mwambie mume wake!" akapaza sauti. "Mwambie atajibu mbele ya Mungu! Mtoto wangu si ng'ombe! Yeye ndani ya gari, mtoto ndani ya mto! Mwambie sisi maskini tumechoka kufa kwa ajili ya wakubwa!"

"Mzee..."

"Mwambie, Mama Anaïs! Neno kwa neno!"

Mama Anaïs akamwambia. Wakasikia kwamba yule mwanamke alikuwa analia. Alipoanza tena alikuwa anasema polepole, kama mtu anayemwelewesha mgonjwa.

"Anasema mume wake alimkataza," Mama Anaïs akatafsiri, macho yake kwenye simu. "Jikoni, wakinywa kahawa, na yeye akiwepo. Alimwambia mara mbili. Anasema haikuwa na haraka yoyote. Kwenye baridi ya namna hiyo maji ya ule mti hayaharibiki. Yanalala ndani ya ndoo siku moja, mbili, tatu, hayana neno. Wangeyachukua hata Ijumaa."

"Rudia," Zénon akasema.

"Wangeyachukua hata Ijumaa."

"Hapana. Hilo la kulala."

"Maji yanalala ndani ya ndoo, mzee. Hayaharibiki. Na mti hauna shida."

Zénon akatafuta kile kidole chekundu chenye manyoya, asikione. Aliuona msitu tu, mashina meusi yamesimama kwenye weupe, kila moja na ndoo yake imejaa, maji yametulia, hakuna nyuki, hakuna siki, hakuna mti ulionuna. Maji yalikuwa yanangoja tu. Nje taxi ilipita ikipiga honi, mtu akaita "Town! Town!", na mlangoni pazia la shanga likapigwa na upepo wa moto wa mchana.

Yule mwanamke alikuwa bado anasema. Mama Anaïs aliinua kichana, akakishusha.

"Anasema asubuhi hii wanakuja watu wa serikali wanaosimamia kazi, kumhoji mume wake. Wakimwona ana kosa, huenda wakalifunga shamba. Prodige ameshaulizwa. Amejibu neno moja tu, kwamba alitumwa. Wamemuuliza na nani, akageukia ukutani. Hawamlaumu, anasema. Wanampenda. Lakini hataki kusema." Akainua macho, akamtazama Zénon usoni kwa mara ya kwanza tangu simu ilipoita. "Anasema mtoto aliwaambia kwamba alizungumza na wewe asubuhi ile. Kwa hiyo labda wewe unajua."

Dada wa nywele nusu akaacha kugusa kichwa chake. Kwenye spika palisikika pumzi ya mwanamke, karibu kabisa, kama yuko nyuma ya pazia.

"Anakuuliza, mzee," Mama Anaïs akasema. "Nani alimtuma?"